Msinipigie Makofi, Nipimieni Pembe

Mwezi wa tisa mwaka jana mashine yangu ilichonga nembo ya shule yetu kwenye kipande cha mninga mbele ya wazazi, wanafunzi na wageni, na wote wakapiga makofi. Mgeni rasmi alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kutangaza kwenye kipaza sauti kwamba Iguguno imepata mbunifu. Mpiga picha akaniomba niinue ubao juu kidogo, nitabasamu. Niliinua, nikatabasamu.

Fremu niliyoizungushia nembo ilipaswa kuwa mraba wa milimita 300 kila upande. Haikuwa mraba. Upande wa kushoto, kutoka ukingo wa ubao hadi kwenye mstari, palikuwa na milimita 20 chini na 16 juu. Mtoto wa darasa la tatu angeiona tofauti hiyo bila rula. Herufi O zilikuwa na bapa pande nne, kama tairi la baiskeli lililopungua upepo. Katika watu wote waliokuwepo siku ile, hakuna aliyesema neno juu ya hilo. Nilirudi nyumbani na cheti na hasira ambayo sikuweza kumweleza mke wangu, kwa sababu mtu aliyesifiwa hana haki ya kununa.

Leo naweza kuieleza. Nasema kwamba namna tunavyowasifu watu wanaojifunza kutengeneza vitu katika nchi hii ni dharau iliyovaa nguo za sikukuu. Nasema hivyo nikiwa nimeipokea, na nikiwa pia nimeitoa kwa mtu mwingine, jambo ambalo nitalifikia.

Kwanza mashine yenyewe, maana bila kuielewa nitaonekana mtu asiye na shukrani. Inaitwa CNC. Ni ruta ya kuchonga mbao inayoongozwa na namba: unaiandikia ishuke milimita 2, isogee kulia milimita 50, igeuke, nayo inafuata. Wazo hilo si geni. Chuo cha MIT huko Marekani kilionesha mashine ya namna hiyo mwaka 1952, ikisoma amri kutoka kwenye mkanda wa karatasi wenye matundu. Leo kazi ya kusoma amri inafanywa na bodi ya Arduino inayoenea kiganjani, kwa programu ya bure iitwayo GRBL ambayo Mnorwe Simen Svale Skogsrud aliianzisha mwaka 2009. Kwa hiyo sikuvumbua kitu. Niliiga, kama alivyoiga kila aliyewahi kujifunza kazi ya mikono.

Bodi na mota tatu niliziagiza Kariakoo, zikaja na basi la Mwanza na kushushwa hapa barabarani jioni. Reli ni zile za droo za kabati. Skrubu za kusukumia ni nondo za nyuzi za milimita 8 kutoka duka la vifaa vya ujenzi, Singida mjini. Mota nimeziunganisha na nondo kwa vipande vya mpira wa mafuta wa pikipiki, vikabanwa kwa klipu. Fremu ni mbao za paina, meza ni plaiwudi, na ruta ni ile ndogo ya mkono ya seremala, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kile kibao kirefu kinachobeba ruta na kutembea juu ya meza nakiita daraja. Fedha zilikuwa za bati za jiko. Mke wangu alikubali kwa sharti kwamba mashine itazilipa bati hizo kabla ya mvua. Mvua zimekuja, na jiko bado lina turubai.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo hesabu zilikwenda vizuri. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko. Bodi inaigawa kila hatua mara 8, hivyo mzunguko mmoja ni hatua 1,600. Nondo ya milimita 8 husogeza daraja milimita 1.25 kwa mzunguko. Ukigawanya unapata hatua 1,280 kwa kila milimita moja. Niliiandika namba hiyo ubaoni, kidato cha tatu wakapiga mluzi. Kwenye ubao wa mninga mashine hiyohiyo ilikosea milimita 4. Kati ya namba ya ubaoni na namba ya kwenye mninga ndipo ufundi ulipo, na hapo ndipo nilipokuwa sijui kitu.

Aliyenionesha ni seremala mmoja mzee ambaye karakana yake iko pembeni ya barabara kuu, malori ya kwenda Shelui yakiitikisa kila saa. Siku tatu baada ya sherehe nilimpelekea ubao aupake vanishi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Nasikia siku hizi wewe ni mbunifu."

Aliuweka ubao mezani, akauangalia, akachukua skwea yake ya chuma. Hakuigusisha kwenye ubao wangu. Alichukua plaiwudi chakavu, akaegemeza skwea kwenye ukingo ulionyooka, akachora mstari kwa penseli kali. Kisha akaigeuza skwea upande wa pili, akachora mstari mwingine kuanzia palepale. Mistari miwili ikalala mmoja juu ya mwingine. Kama skwea ingekuwa imepinda, ingetokea V nyembamba, na upana wa V ungekuwa kosa lake mara mbili.

"Nilitaka kuhakikisha kwanza kwamba mwongo si mimi," alisema.

Ndipo akapima fremu yangu kona kwa kona. Mraba wa 300 ulio sawa una milimita 424 na ushee kwa kila mshazari. Wangu ulikuwa na 427 upande mmoja na 421 upande mwingine. "Mwalimu," alisema, "hiki si mraba. Daraja lako halijakaa sawa na reli."

Jumapili alikuja nyumbani. Alivuta uzi kutoka kona hadi kona ya fremu na kunionesha kwamba ubao niliofungia reli ulikuwa umejikunja. Nilikuwa nimeununua Disemba ukiwa na unyevu, nikafunga reli kwa kufuata ukingo wake, halafu kiangazi cha Singida kikaukausha. "Nani alikuambia ubao wa dukani umenyooka?" aliniuliza. Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kujiuliza.

Kisha akalishika daraja kwa mkono na kulisukuma mbele na nyuma. Kacha, kacha. Nati ilikuwa inacheza kwenye nyuzi. Hapo nikaelewa herufi O. Mduara una sehemu nne ambapo mota moja inageuza mwelekeo, na kila inapogeuka huzunguka kidogo bure, ikimaliza ule mchezo wa nati kabla daraja halijasogea. Kwa hiyo kila O inapata bapa nne. Dawa yake ni nati mbili zinazosukumana kwa springi, ili moja iegemee upande huu wa nyuzi na nyingine upande ule. Springi nilizipata kwa fundi pikipiki.

Yule mzee alikaa kwangu saa tatu. Hakusema hata mara moja kwamba nimefanya vizuri. Alipokuwa anaondoka alisema, "Ukishainyoosha niite nije nipime tena." Tangu nianze kuijenga mashine hii hakuna aliyenipa heshima kubwa kuliko hiyo.

Sasa linganisheni. Mgeni rasmi na seremala wote waliuona ubao uleule. Mmoja aliniita mbunifu na hakupima. Mwingine alianza kwa kukipima kipimo chake mwenyewe, kwa kuwa alichukulia kwamba kazi yangu ni kazi, na kazi hupimwa. Aliyepiga makofi alikuwa anasema nini hasa? Alikuwa anasema: kwa mtu wa Iguguno, kwa mashine ya mbao, inatosha. Makofi yalipimwa kwa umbali wa mahali ninapotoka, na mraba wangu haukuwemo kwenye hesabu.

Mtu ataniambia kuwa kumkosoa anayeanza ni kumkatisha tamaa. Haya, twende uwanjani Jumamosi jioni tuone kama kuna upole. Winga akipiga krosi mbovu ataambiwa na kijiji kizima, wakiwemo kina mama wauza maandazi. Kwenye kwaya, mwalimu husimamisha wimbo mzima kwa sababu sauti ya pili imeshuka nusu. Madrasa, ustadhi hamwachi mtoto apite na herufi aliyoitamka vibaya. Atairudia hadi itoke mahali pake. Hakuna anayeita hayo ukatili. Tunakosoa mpira, kwaya na Kurani kwa sababu tunaamini mtoto wetu anaweza kuvifanya sawasawa. Kwenye mashine peke yake tunakuwa wapole. Upole huo unanitia shaka.

Na wakulima wa vitunguu wa huku hawahitaji kufundishwa kwamba kipimo ni haki. Wamepigana miaka na lumbesa, lile gunia lenye kilemba juu ambalo mnunuzi hulilipa kama gunia moja. Mnunuzi wa lumbesa naye husifu: vitunguu vyako vizuri sana, mzee, vizuri kweli. Mkulima anajua kwamba sifa hizo zinakuja pale mizani inapofichwa.

Nimeahidi kusema nilivyoitoa dharau hii mwenyewe. Miaka saba iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyetengeneza kirusha matangazo cha FM kwa vipuri vya redio mbovu. Alitundika waya kwenye mwarobaini wa shule, na sauti yake ikasikika hadi nyumba za walimu. Nilimwita mbele ya paredi. Nilisema, "Huyu ndiye mwanasayansi wetu." Nilipiga makofi nikiwa wa kwanza.

Lakini nilikuwa nimeona tatizo siku ya kwanza. Masafa yake yalihama. Asubuhi ulimpata mahali pamoja kwenye redio, jua likipanda ikabidi umtafute upya, na ukipitisha mkono karibu naye alitoroka. Nilijua sababu. Koili yake ilikuwa waya uliozungushwa hewani bila kushikizwa, ukitikisika na kutanuka kwa joto, na betri yake ilishuka nguvu kadiri muda ulivyopita. Nilijua na dawa: nta ya mshumaa imiminwe juu ya koili itulie, na kidhibiti volti kiwekwe mbele ya betri. Vyote viwili visingefika bei ya soda tatu. Sikusema. Nilijiambia nisimharibie furaha yake. Ukweli ni kwamba sikumtegemea afike mbali zaidi ya pale, na picha ilikuwa imeshapigwa.

Alipelekwa kwenye maonesho mawili, akarudi na fulana. Kwenye la tatu mhandisi mmoja alimuuliza swali rahisi: unayatulizaje masafa? Kijana hakujua kwamba hayakutulia. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Aliniambia baadaye kwamba watu waliomzunguka walicheka, na kwamba aliona mimi nimesimama nyuma yao na ninajua jibu. Hakukigusa tena kile chombo. Siku hizi anapakia magunia ya alizeti kwenye malori. Kazi ya kupakia haina aibu, lakini hakuichagua. Akiniona ananiamkia kwa adabu zote: "Shikamoo mwalimu."

Wengi wenu mtanitajia William Kamkwamba, yule kijana wa Malawi aliyejenga kinu cha upepo kijijini kwao kwa vipuri vya baiskeli na vyuma chakavu baada ya ada kumtoa shule. Ni mfano mzuri, ila tunausimulia nusu. Tunasimulia kinu, tunaacha vitabu. Alianza kwa kuingia kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi na kusoma vitabu vya fizikia. Na baada ya dunia kumsikia, kilichomfaa ni kwamba watu walimrudisha darasani, mpaka akahitimu chuo cha Dartmouth huko Marekani mwaka 2014. Walimtendea kama mtu ambaye bado ana mengi ya kujifunza. Kama wangeishia kwenye picha, naye angekuwa anapakia magunia mahali fulani.

Kuna wanaokuja kwa mlango mwingine: kwa nini usinunue mashine ya China, iko tayari, na ni bora? Ni kweli ni bora kuliko yangu. Mwenye karakana anayetaka kuchonga milango aende akanunue, asipoteze mwaka kama mimi. Nami nikipata fedha huenda nitanunua. Ila sitajuta kuijenga ya mbao, kwa kuwa sasa najua reli inapaswa kukaaje na nati inachezaje, na mashine yoyote nitakayoinunua ikikosea nitajua pa kuanzia. Jambo hilo halina ubishi mrefu. Tatizo langu si mashine za China. Ni watu wanaotaka nibaki na ya mbao, iliyopinda, kwa sababu inapendeza kwenye picha.

Watu hupenda kusema hatuwezi kupata usahihi kwa sababu hatuna mashine sahihi, na mashine sahihi hutengenezwa na mashine sahihi. Kama ingekuwa hivyo, ya kwanza ilitoka wapi? Mwaka 1840 fundi wa Uingereza, Joseph Whitworth, alieleza mbele ya wanasayansi wenzake namna ya kupata chuma bapa bila kuwa na chuma bapa cha kuigia. Unachukua sahani tatu. Unailinganisha ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza, ukikwangua kila palipoinuka. Mbili peke yake zinaweza kudanganyana: moja ikawa na tumbo na nyingine na shimo, zikakaa vizuri pamoja. Ya tatu inawaumbua. Ukiendelea kwa subira, zote tatu zinakuwa bapa. Usahihi ulitoka kwenye kusahihishana. Seremala wangu, kwa kuigeuza skwea yake juu ya plaiwudi chakavu, alikuwa anafanya kazi ya ukoo huohuo.

Nayasema haya sasa kwa sababu mkondo wa amali umeingia sekondari, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini naogopa amali ya maonesho: meza yenye kitambaa cha bluu, mtoto amesimama nyuma ya kitu chake, wageni wanapita wakisema "safi sana" bila kukigusa. Nchi hii haikuanza jana kujali ufundi. SIDO ipo tangu mwaka 1973, umri wa mtu mwenye wajukuu. Tunachokosa kwenye shule za barabarani kama yetu ni kitu kidogo kuliko sera: rula ya chuma iliyonyooka, skwea ya kweli, saa ya kupimia sehemu za milimita, na fundi mzee anayelipwa kwa saa mbili za wiki aje aseme "hiki si mraba". Wageni rasmi wakitaka kutusaidia, waje na tepu. Wakikuta kosa walitaje, mbele ya watu, kwa adabu, na wasiondoke kabla hatujaambiana chanzo chake.

Mwezi huu nilialikwa kuipeleka mashine kwenye maonesho. Nilikataa, na mkuu wangu wa shule amekasirika, na ana haki yake, maana jina la shule lingesikika. Nilimwambia nitaipeleka siku mishazari miwili itakapolingana katikati ya mvua, kwa sababu mbao zimeanza kuvimba na vipimo vya kiangazi vimeharibika tena. Juzi nilipata 425 na 423. Mzee amekuja mara mbili. Anasema tuzibadilishe mbao za reli tuweke mninga uliokauka, na safari hii anataka kuuona ubao kabla sijaununua.

Wiki iliyopita nilimsimamisha yule kijana wa kirusha matangazo pale mizani ya alizeti. Nilimwambia kwamba siku ya paredi nilijua kuhusu koili, na kwamba nilinyamaza. Aliangalia chini. Akasema, "Nilijua unajua, mwalimu." Nilimwomba radhi. Hakunijibu upesi, na sikumlazimisha.

Alikuja nyumbani jioni ya Ijumaa akiwa bado na vumbi la magunia. Niliiwasha mashine. Ina ugonjwa ambao mimi na mzee tumeshindwa: katikati ya kazi husimama ghafla na kudai kwamba imefika mwisho wa reli, wakati haijafika. Alizunguka meza mara moja, akachuchumaa.

"Mwalimu, mbona waya za swichi za mwisho umezilaza pamoja na waya wa ruta? Ruta inapiga kelele ndani ya hizo waya. Hapa umekosea."

Nilichukua daftari la makosa nikaandika: namba 14, waya za swichi. Nilimuuliza tuzitenganishe kwa umbali gani. Alisema tuanze na upana wa kiganja, tujaribu, tupime. Kisha lori likapiga honi barabarani, akaenda.